Sanduku la Shule Limejaa Krismasi

Wiki hizi za Januari nyundo za mafundi wa jua kali mjini Migori hazinyamazi. Mabati yanakunjwa, bawaba zinagongwa, rangi ya buluu inapakwa, na jina la mwanafunzi linaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Mwaka huu wa 2026 kundi la kwanza la gredi ya 10 linaingia shule za upili za juu, na anayekwenda kulala bweni sharti awe na sanduku lenye kufuli. Ila si kila mzazi wa Suna, eneo la mji huu, anayekwenda kununua jipya. Nyumba nyingi zina la zamani, la kaka mkubwa aliyemaliza kidato cha nne zamani, na liko chini ya kitanda cha mama. Linavutwa, linapanguswa vumbi, linafunguliwa. Ndani kuna Krismasi.

Kuna nyuzi za kumeremeta zilizosokotana na taa ambazo nusu yake haziwaki. Kuna mipira myekundu isiyo na vishikio, nyota ya karatasi ya dhahabu, vibofu vilivyogandana kwa joto la bati, na Baba Krismasi wa plastiki aliyevalia koti la manyoya katika nchi ambayo watu hula sikukuu chini ya mwembe kwa sababu ya jua. Kuna kadi zilizofungwa kwa uzi wa sufu. Kuna mti wa plastiki wa miguu mitatu uliobakiwa na miwili. Mtoto analitaka sanduku kesho asubuhi. Mama hataki kitu chake hata kimoja kitupwe. Na kwa kuwa hii ni Njaanuari, mwezi ambao pesa zimekwisha pamoja na subira, maneno hayakawii kuwa makali.

Ni rahisi kumcheka mama huyu. Magazeti na televisheni zimejaa mawaidha ya kupunguza vitu nyumbani, na karibu yote yanadhani kwamba mwenye nyumba ndiye aliyevinunua vitu na ndiye anayeweza kuvitupa. Huku kwetu sivyo. Ukilikagua sanduku lile vizuri utaona kwamba mama hakununua hata robo ya vilivyomo. Vililetwa.

Krismasi ya Suna huanzia stendi. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba mabasi ya Nairobi huingia usiku na alfajiri, yakiwa yamepitia Kisii, Rongo na Awendo, na juu ya kila kiti kuna mfuko wa zawadi. Mwana anayerudi nyumbani haingii kwa mama mikono mitupu. Mkate, sukari na leso ni vya kawaida; pambo ndilo linaloonekana na wageni. Nalo lina mashindano yake, tusidanganyane. Mwaka huu mkaza mwana aliyetoka Kadem, Nyar Kadem, akileta taa za kumetameta, mwaka ujao mwenzake Nyar Gwassi atakuja na mti mzima, na mwaka wa tatu binti wa nyumba, ili wakaza wana wasimpite, ataleta mti mrefu kuliko ule. Mama hupokea, hushukuru, hutundika. Mabasi yakiondoka, yeye ndiye anayebaki na vitu vyote.

Vitu hivyo vimesafiri kuliko wengi wetu. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka Yiwu, mji wa biashara katika mkoa wa Zhejiang nchini China. Hushushwa bandarini Mombasa, hufika maduka ya jumla ya Nyamakima na Kamukunji jijini Nairobi, na hatimaye hulazwa juu ya kabati huko Oruba au Ombo. Urahisi wa bei yake ndio uliolijaza sanduku. Kitu cha bei ya chini hununuliwa bila kufikiri kitawekwa wapi Januari.

Zamani Krismasi haikuhitaji sanduku. Akina mama walichimba udongo, wakauchanganya na samadi, wakakandika kuta upya, wakapitisha vidole au kitambaa kuchora mistari ya rangi nyeupe, nyekundu na kijivu. Nyumba nzima ikawa pambo. Mvua za masika za Machi hadi Mei zilipokuja zililamba michoro ile, na Desemba iliyofuata mkono ukachora mingine. Mti ulikuwa tawi la saipresi, mti wenye asili ya Mexico ambao ulipandwa kwa wingi Kenya kwa ajili ya mbao na ua, na ambao watoto wengi waliujua kwa jina moja tu, mti wa Krismasi. Tawi lilikatwa kwenye ua wa kanisa au wa shule, likasimamishwa ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojazwa kokoto, likabandikwa pamba iliyotakiwa kuwa theluji. Karatasi ya chooni ilisokotwa ikavutwa kutoka pembe hadi pembe ya sebule. Mwaka mpya ulipoingia tawi lilikuwa limekauka, likaenda jikoni kuchemshia chai. Sisemi turudi huko. Nasema waliotangulia walikuwa na mapambo yenye mwisho wake, na sisi tuna mapambo ambayo hatukuyapangia mwisho.

Tena si Krismasi peke yake inayojaza nyumba. Suna na majirani zake, kuanzia Migori hadi Homa Bay, kuna dini nyingi, na kila dini ina majira yake ya kupamba. Waadventista wa Sabato, ambao misheni yao ya Gendia karibu na Kendu Bay ilianza mwaka 1906, wengi wao hawaitilii Krismasi maanani. Nyumba zao hung'arishwa Agosti wakati wa makambi, au kunapokuwa na harusi. Waislamu wa mjini hutoa taa zao Idd, na kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, taa hizo hutoka kabatini mapema kidogo kila mwaka. Waumini wa Legio Maria, ambao Got Kwer katika kaunti hii ya Migori ni mlima wao mtakatifu, wana rozari, sanamu na picha ambazo mgeni asiyejua angeziita mapambo na kukosea vibaya. Halafu kuna vile ambavyo havina dini: vitambaa vilivyofumwa kwa sindano, vinavyofunika migongo ya makochi, meza, redio na hata televisheni. Vya kila siku viko kwenye viti. Vya wageni vimekunjwa. Vya sikukuu viko wapi? Chini ya kitanda, sandukuni, chini ya mti wa plastiki.

Sasa mtu wa mjini akija na elimu yake ya kupunguza vitu atafanyaje? Marie Kondo, Mjapani ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kilienea duniani na ambaye kipindi chake kilionyeshwa na Netflix kuanzia Januari 2019, anafundisha kwamba ushike kila kitu mkononi ujiulize kama kinakupa furaha. Kisipokupa, ukishukuru na ukiache kiende. Ni fundisho zuri kwa mtu anayeishi peke yake. Kwa mama wa Suna swali hilo halina maana. Ile nyota ya dhahabu haimpendezi hata kidogo, huenda hata haikumpendeza siku ile ilipoletwa. Anaitunza kwa kuwa aliyeileta atakuja Desemba, atainua macho ukutani, na asipoiona atanyamaza. Kimya hicho ndicho mama anachokiogopa.

Msweden Margareta Magnusson naye alishauri, katika kitabu kilichovuma mwaka 2017, kwamba wazee wapunguze vitu vyao wakiwa hai ili wasiwaachie watoto mzigo. Jaribu kumwambia hivyo dani yako, yaani nyanya yako, mwenye umri wa miaka themanini. Atakuuliza umeota nini.

Kwa hivyo naona kosa letu liko katika wakati. Tunapangua mapambo Januari, tukiharakishwa na ada na sanduku, wakati walioyaleta wamesharudi Nairobi, Nakuru na Mombasa. Mama akiwapigia simu kuuliza kama mti ule utupwe, wote watasema usitupe, kwa kuwa kusema hivyo hakuwagharimu kitu. Kazi hii ina majira yake mazuri: siku zile kati ya tarehe 26 Desemba na basi la kurudi, watu wakiwa bado wameshiba na hawana la kufanya ila kubishana kuhusu siasa. Sanduku limwagwe katikati ya sebule. Kila mmoja anyooshe kidole kwenye alicholeta. Asiyetambua chake amekiacha mwenyewe. Anayetambua aamue mbele ya mama: kitundikwe tena mwaka ujao, kipewe mtu, au kirudi naye mjini. Hilo la tatu ndilo dawa, maana kondakta hulipisha mizigo, na mapenzi ya mtu kwa mti wa plastiki hupungua haraka anapotakiwa kuulipia nauli.

Mwaka huu majira hayo yametupita, sanduku linatakiwa, na lazima kazi ifanyike leo. Basi ifanywe kwa akili.

Anza na kadi, kwa sababu kadi si mapambo hata kama zilitundikwa kwenye uzi ukutani. Hizo ni nyaraka za familia. Tangu simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000 kadi za Krismasi zimekuwa adimu. Salamu sasa huja kwa WhatsApp, ile ile kwa watu mia. Zilizomo sandukuni ni za wakati mtu alipokwenda Posta, akachagua, akaandika kwa mkono wake. Tazama anwani. Za zamani zaidi zimeandikwa Suna tu, jina ambalo posta ya Migori ililibeba miaka mingi. Nyingine zina Nyanza Kusini, wilaya ya kabla Migori na Homa Bay hazijapewa zao miaka ya 1990. Za baadaye zina nambari 40400. Kuna za kuwatakia watahiniwa heri, na ukisoma majina ya waliozituma utapata ukoo mzima, pamoja na waliokwisha kufa. Zitoe kwenye bati, zilaze ndani ya bahasha kubwa ya kaki, ziwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mjukuu mwenye simu azipige picha mbele na nyuma.

Moja tu ina hatari: ile inayoimba ukiifungua. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Itoe kabla hujafanya lolote jingine, uiweke asipoweza kuifikia mtoto.

Taa zilizokatika zisirudi ndani. Kila mwaka kuna shemeji anayejua stima, anayeahidi kuzitengeneza. Waya uliochubuliwa na panya, kisha ukachomekwa kwenye soketi iliyo karibu na pazia na karatasi za rangi, ni moto unaosubiri siku yake. Peleka kwa fundi wa redio, atatoa shaba na kiunganishi chake na hutakuwa na deni naye.

Mti wa plastiki ni habari nyingine, na hapa sikubaliani na wale wanaotaka utupwe ili turudi kwenye saipresi. Shirika la Carbon Trust la Uingereza liliwahi kupiga hesabu kwamba mti wa plastiki wa mita 2 hubeba hewa ya kaboni ya takriban kilo 40, ilhali mti halisi ukichomwa baada ya sikukuu hubeba kilo 3.5 hivi, kwa hivyo wa plastiki lazima utumike zaidi ya miaka kumi ndipo uwe nafuu kuliko kununua mti halisi kila mwaka. Maana yake ni kwamba usinunue wa pili. Huo wenye miguu miwili umeshalipiwa na mazingira. Ufungie mguu wa mti wa mpera, uendelee. Nyumba iliyo na miti mitatu ya plastiki, kwa ushindani ule niliousema, ibaki na mmoja, na miwili ipelekwe kanisani au kwenye zahanati ambayo Desemba iliyopita haikuwa na kitu ukutani.

Mipira isiyo ya kioo, riboni, maua ya plastiki na nyota hupendwa sana mahali pamoja ambapo watu husahau: shule ya chekechea. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 elimu hiyo iko mikononi mwa kaunti, na mwalimu wa watoto wa miaka minne daima anatafuta vitu vya kuhesabia, vya kupanga kwa rangi, vya kutundika mlangoni. Mwalimu hataona haya kukataa kilichovunjika, na wewe usione haya kumuuliza kwanza. Wanaokodisha mahema na viti vya harusi na matanga nao hupokea vitambaa vya kung'aa vilivyo salama.

Kisha kuna vile ambavyo kweli ni taka, na hapo ndipo wengi huharibu. Shimo la taka liko pembeni mwa boma, kiberiti kiko jikoni, na kishawishi ni kikubwa. Majani ya miti mingi ya plastiki hutengenezwa kwa PVC, na plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi kali ya asidi na sumu ziitwazo dioksini, tena karibu na nyumba ambamo mtoto analala. Nyuzi za kumeremeta zikitupwa shambani, mbuzi au ndama huzila na hazitoki upande wa pili. Hujifunga kwenye utumbo. Wafugaji waliopasua ng'ombe na kukuta mifuko ya plastiki tumboni hawahitaji somo zaidi. Zikusanye kwenye gunia moja, umpe anayezoa taka mjini, ulipe kidogo.

Huenda mipira imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa Nakumatt, supamaketi iliyofunga kabisa mwaka 2020. Mfuko huo ni mzee kuliko sheria: tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya aina hiyo imepigwa marufuku Kenya, na faini iliyotangazwa ilikuwa kati ya shilingi milioni 2 na 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Hakuna askari atakayekuja kupekua chini ya kitanda cha dani, lakini usitembee nao sokoni.

Vilivyobarikiwa vina njia yake, na Kanisa Katoliki limeipanga vizuri kuliko Wajapani. Matawi ya Jumapili ya Matawi huwekwa juu ya mlango au nyuma ya msalaba mwaka mzima, kisha hurudishwa parokiani, yakachomwa, na majivu yake yakapakwa kwenye vipaji vya nyuso Jumatano ya Majivu, ambayo mwaka huu ni tarehe 18 Februari. Rozari iliyokatika na sanamu ya Yosefu isiyo na kichwa huchomwa au huzikwa ardhini, hazitupwi jalalani. Mkristo anayesumbuka na sanamu za hori zilizovunjika hana sababu ya kuzihifadhi miaka ishirini kwa hofu, amwone katekista.

Na kama Desemba ijayo lazima mtu alete pambo, kuna Tabaka. Ni kijiji cha kaunti jirani ya Kisii, si mbali na Rongo, ambako wachongaji hutoa katika jiwe la sabuni Maria, Yosefu, mtoto na ng'ombe wadogo wanaotoshea kiganjani. Sanamu hizo huuzwa Ulaya na Marekani, ilhali basi linalotuletea za Yiwu limepita karibu na mlango wa mchongaji. Haziungui, hazishiki kutu, mchwa hawazitaki. Zinavunjika zikianguka, hilo ni kweli, na kitu kinachovunjika hakijazi sanduku.

Vinavyobaki baada ya hayo yote vitatosha kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko. Ndoo iwekwe juu ya kabati, isigusane na sakafu, na isiwe darini chini ya mabati ambako joto la Februari huyeyusha vibofu.

Limebaki jambo moja ukutani ambalo sina jibu lake, nalo ni kalenda. Nyumba zetu hazitoi kalenda mwaka ukiisha. Hutundika mpya juu ya ile ya zamani, au kando yake, kwa sababu ya picha. Yenye uso wa Raila Odinga, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 2025, haitaondolewa na mtu yeyote, na asithubutu kuomba. Nyingine nazo zina mtetezi wake. Kalenda ya 2015 inalingana na ya 2026 siku kwa siku, hadi Pasaka, ambayo miaka yote miwili ni tarehe 5 Aprili. Baba akikuambia bado inatumika, anasema kweli. Mwaka 2027 itakuwa zamu ya ile ya 2021, ila Pasaka yake usiiamini, kwa kuwa ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Lakini huo ni mwaka wa uchaguzi, na kufikia Desemba hii kila mwenye kutaka kiti, kuanzia wadi hadi ugavana, atakuwa ameshapitisha kalenda yenye picha yake nyumba kwa nyumba. Tafuteni misumari mapema.